Kaseti bado inaimba, sasa tatizo liko wapi?

Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha watunza kumbukumbu za sauti na picha, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku. Mwaka uliotajwa humo ulikuwa 2025. Habari iliposafiri simu kwa simu, wengi waliipokea hivi: ikifika 2025, kaseti zote zitajifuta. Mwaka huo ukafika, mtu akatoa kaseti ya kwaya kabatini, akaitia kwenye redio, ikaimba vizuri tu. Akahitimisha kwamba wataalamu walikuwa wanatisha watu.

Tahadhari haikusema kanda zitajifuta. Ilisema kwamba kufikia mwaka huo, kuzipiga kungekuwa kugumu mno au ghali mno kwa taasisi nyingi, kwa sababu mashine zinakwisha, vipuri havitengenezwi tena, na mafundi wanaozijua wanastaafu. Kanda inaweza kuwa nzima kabisa na isisikike tena na mtu yeyote.

Kwa sisi wa Mwanza jambo hili si la mbali. Nyegezi kilianza chuo cha mafunzo mwaka 1960, na chuo kile ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, mwaka 1998. Mahali palipofundisha uandishi wa habari kwa miaka mingi hivyo hapakosi kanda. Bujora, pale Kisesa, ni kituo kilichoanzishwa kutunza utamaduni wa Wasukuma. Ongeza parokia, redio, na nyumba za walimu wastaafu kuanzia Malimbe, kule chuoni SAUT, hadi Nansio, Ukerewe. Humo mna mihadhara, mahojiano ya wazee na usomaji wa mashairi, na sehemu kubwa iko kwenye maboksi ya viatu.

Mkanganyiko mwingi unatokana na shughuli nne ambazo watu huziita zote "kuhifadhi". Kurekodi ni kuinasa sauti mara ya kwanza. Kuhamisha ni kuitoa kwenye kanda na kuiingiza kwenye kompyuta kama faili. Kuhifadhi ni kuhakikisha faili hilo na kanda yenyewe vinabaki salama na vinaeleweka kwa miaka mingi ijayo. Kusambaza ni kuwapa watu wasikilize. Mtu anaweza kufanya moja vizuri sana na nyingine tatu asiziguse. Aliyepandisha mhadhara wa mwalimu wake kwenye YouTube amesambaza, na ni jambo jema, lakini hajahifadhi.

Tuanze na kanda yenyewe. Nina kaseti moja mezani ninapoandika haya, ya dakika 60, yaani 30 kila upande. Kwenye lebo pameandikwa kwa kalamu ya bluu: "Mhadhara, Mwl.", kisha jina lililofifia, kisha "14/3". Mwaka haupo. Ukingoni kuna vishimo viwili vya mraba ambavyo awali vilizibwa na vijipande vya plastiki. Aliyerekodi alivivunja kwa makusudi. Alijua anachofanya. Vikishavunjwa, redio haiwezi kurekodi kitu kingine juu yake. Kaseti ambayo vijipande hivyo havijavunjwa, mtoto wa nyumbani akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, mhadhara umekwenda na mahali pake pamekaa muziki.

Ndani kuna utepe wenye upana wa milimita 3.81, unaopita mbele ya kichwa cha kusomea, ambacho mafundi wanakiita hedi, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Utepe ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembe za oksidi ya chuma, ndugu ya kutu, zilizoshikiliwa na gundi. Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme, hedi hugeuza umeme kuwa sumaku, na chembe zile hubaki zimepangika kwa namna ya sauti iliyopita. Mpangilio huo hautoki upesi. Kinachochoka mapema ni gundi, plastiki, na vile vidude vidogo vinavyoshikilia kila kitu.

Geuza kaseti utazame pale katikati. Utaona kipande kidogo cha kitambaa kizito kilichobandikwa kwenye chuma chembamba kama ulimi. Kazi yake ni kuusukuma utepe uguse hedi sawasawa. Gundi yake ikikauka, kitambaa kinadondoka, na sauti inakuwa ya mbali, inakuja na kuondoka. Watu wengi hufika hapo wakasema kanda imekufa na kuitupa. Kumbe utepe ni mzima. Unahamishiwa kwenye ganda la kaseti nyingine na sauti inarudi. Ganda likiwa la skrubu, kazi hiyo haimshindi fundi mwenye bisibisi ndogo na mkono mtulivu.

Hali ni hiyo hiyo kwa redio "inayotafuna" kanda. Mara nyingi kosa si la kanda, ni la mkanda wa mpira ndani ya redio uliolegea, au roda ya mpira iliyokuwa ngumu na kujaa uchafu. Kabla ya kuingiza kanda ya thamani, safisha hedi na roda, halafu jaribu kwanza kwa kaseti usiyoijali.

Kuna dhana kwamba kanda ikiwa ya zamani zaidi ndivyo ilivyoharibika zaidi. Kwa rili, zile kanda kubwa za kuzungusha zilizotumika redioni na kwenye studio za vyuo, mambo mara nyingi ni kinyume. Rili nyingi zilizotengenezwa kati ya katikati ya miaka ya 1970 na miaka ya 1980 zilipakwa gundi inayonyonya unyevu wa hewa. Ikishanyonya inalainika na kunata, na ukiipiga inapiga kelele, inaacha ugoro wa kahawia kwenye hedi, mwishowe mashine inakwama. Rili iliyoitangulia kwa miaka kumi inaweza kupiga vizuri kuliko hiyo. Maabara hutibu kanda ya namna hiyo kwa joto la kiasi cha nyuzi 50 kwa saa kadhaa, kwa vifaa vinavyodhibiti joto. Tafadhali usijaribu kwa jiko wala kwa kuanika juani. Rili za zamani zaidi, za asetati, zinazotoa harufu ya siki zikizeeka, huharibiwa kabisa na joto hilo.

Unyevu wa ziwani ni adui halisi. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, huo ni ukungu. Usiipige kanda hiyo, kwa sababu utauhamishia kwenye mashine na kutoka huko kwenye kanda zote zitakazofuata, na vumbi lake si zuri kwa mapafu. Itenge, iweke mahali pakavu penye hewa, mtafute anayejua. Nyingine zisimame wima kama vitabu, mbali na spika kubwa, na zisikae kwenye stoo ya bati.

Sasa kuhamisha. Kompyuta hupokea sauti kwa kuipima: kila sekunde inachukua vipimo maelfu kwa maelfu vya nguvu ya sauti na kuviandika kama namba. CD ya muziki hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde. IASA inapendekeza 96,000 kwa nyaraka za sauti, au angalau 48,000, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 24. Saa moja ya mhadhara wa mkondo mmoja (mono), kwa kiwango cha 96,000, inachukua takriban gigabaiti moja. Wa mikondo miwili (stereo), takriban mbili. Hilo ni faili la WAV, lisilobanwa. MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde, kwa saa hiyo hiyo, inachukua megabaiti 58 hivi.

Hapo ndipo kila mtu huuliza: si bora MP3 basi? Mtu wa kawaida hasikii tofauti. Kweli, mara nyingi hasikii. Lakini MP3 inakuwa ndogo kwa kutupa sehemu za sauti ambazo hesabu yake inakisia sikio halitazikosa, na kilichotupwa hakirudi. Mkulima wa Magu akivuna mahindi hutenga mbegu kwanza, kisha husaga. Unga ni mwepesi, unafungashwa, unapikwa leo hii, na kila nyumba inauhitaji, ila hauoti. WAV ni mbegu: ukiwa nayo unaweza kusaga MP3 ya kutuma kwenye simu leo, na miaka ishirini ijayo, ukija mtindo mwingine wa mafaili, unasaga tena upya. Aliyesaga zote atabaki kusaga unga juu ya unga, kila mara akipoteza kidogo. Kwa hiyo swali la kuchagua kati ya WAV na MP3 halipo. Unatengeneza WAV moja nzuri, unaiweka, halafu MP3 zinatoka humo.

Kuna hatua ndogo inayorukwa na karibu kila anayehamisha kaseti nyumbani, nayo hubadilisha matokeo kuliko kifaa chochote cha bei. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo inayoinamisha hedi kulia au kushoto kwa kiasi kidogo sana. Kaseti ilirekodiwa na redio nyingine, ambayo hedi yake haikukaa sawasawa na ya kwako, na tofauti ya unene wa unywele inatosha kuifanya sauti iwe nzito kama inatoka chini ya blanketi. Sikiliza herufi "s" na "sh". Zungusha skrubu kidogo kidogo mpaka neno "masharti" lisikike na ncha zake zote, kisha ndipo uanze kuhamisha. Hufanywa upya kwa kila kaseti. Mafundi redio wa Mwanza wenye umri mkubwa wanaijua kazi hii kwa sikio bila kipimo chochote, na mimi naona maktaba yoyote ya chuo yenye kanda ingewalipa kabla ya kununua kompyuta mpya.

Baada ya hapo huja hamu ya kusafisha. Siku hizi programu za simu zinaondoa mvumo, mngurumo na vikohozi kwa kubonyeza mara moja. Fanya hivyo kwenye nakala ya kusambaza, kamwe usifanye kwenye ile WAV ya kwanza. Kelele hubeba taarifa. Chukua mhadhara uliorekodiwa kwenye ukumbi wenye umeme: nyuma ya sauti ya mwalimu mara nyingi kuna mngurumo mwembamba. Umeme wetu wa gridi hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na mngurumo ule unaufuata. Ukiupima kwenye faili lako ukakuta 52, maana yake kanda yako inakwenda kasi kwa asilimia nne. Mhadhara wa saa nzima unaisha kwenye dakika ya 58 na mwalimu ana sauti nyembamba kuliko aliyokuwa nayo. Kwa mngurumo huo unaweza kurudisha mwendo wake halisi. Aliyeufuta ameutupa mzani. Mahojiano ya vijijini hupatwa na jambo hili zaidi, kwani yalirekodiwa kwa betri. Betri ilipochoka mota ilikwenda polepole, na leo ukipiga kwa mwendo wa kawaida mzee anaharakisha maneno na kuongea kama kijana.

Wengine wanasema: mahojiano yale yalishaandikwa, kanda ya nini tena? Swali hili linastahili jibu kamili, kwa sababu limefanya kanda nyingi zitupwe kwa moyo safi.

Mhojaji aliyeandika mahojiano ya Kisukuma aliandika maneno. Lakini Kisukuma ni lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana, na kina irabu saba wakati wengi huandika kwa zile tano tulizozizoea kwenye Kiswahili. Karatasi hupoteza hivyo vyote viwili kwa mpigo. Akija mwanafunzi wa isimu, au mjukuu anayetaka kusema kama bibi yake alivyosema, karatasi haitamsaidia. Na kuna kunyamaza. Mzee akiulizwa jambo kuhusu ushindani wa Bagika na Bagalu, vile vyama vya ngoma vya Usukuma, akakaa kimya kwa muda kabla ya kujibu, kimya hicho ni sehemu ya jibu. Aliyeandika aliweka swali na jibu, moja chini ya jingine, kana kwamba vilifuatana papo hapo.

Kwa mashairi hasara ni kubwa zaidi. Shairi la arudhi lina mizani, mara nyingi 16 kwa mshororo, nane na nane, na vina vya kati na vya mwisho. Hayo unayaona kwenye karatasi. Mahadhi huyaoni. Saadani Kandoro, mmoja wa wajumbe wa Jimbo la Ziwa kwenye mkutano ulioanzisha TANU mwaka 1954, alikuwa mshairi wa zama ambazo shairi liliimbwa mbele ya watu. Miaka ya 1970 likaja zogo la mashairi huru, ambamo Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa katikati. Wapinzani walisema shairi lisilo na vina si shairi. Mimi naamini nusu ya ubishi ule ulikuwa wa macho: watu walibishana juu ya mistari iliyochapwa. Shairi huru lina urari wake, nao unakaa kwenye pumzi ya msomaji, pale anapokata, pale anapoburuza neno, pale anaposhusha sauti. Mwalimu wa sekondari mwenye rekodi ya mshairi akisoma shairi lake mwenyewe hahitaji kueleza kwa kirefu. Anabonyeza kitufe na darasa linasikia.

Kuhusu mahali pa kuweka mafaili nitasema kwa kifupi. CD zilizochomwa nyumbani si sawa na zile za dukani. Data ya hizo za nyumbani imo kwenye rangi inayofifia. Flashi na memori kadi ni vya kubebea, na vikikaa miaka bila kuguswa vinaweza kupoteza data. Desturi inayofuatwa na wengi ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine. Moja iwe Malimbe, nyingine kwenye diski tofauti, na ya tatu Dodoma au Dar es Salaam, ili moto au mafuriko ya mahali pamoja yasimalize zote. Kila baada ya miaka michache mafaili yafunguliwe, yakaguliwe, yahamishiwe kwenye diski mpya. Kazi hiyo haina mwisho, na inahitaji kuwekewa fedha kwenye bajeti kila mwaka kama umeme na maji. Na kanda ya asili isitupwe hata baada ya kuhamishwa.

Kuna la haki, ambalo huwagombanisha watu. Kuwa na kaseti hakukufanyi uwe mwenye sauti iliyomo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inaitambua mihadhara, hotuba na mahubiri kama kazi zenye hakimiliki, na ulinzi wa mtunzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kanda moja ya usomaji wa mashairi inaweza kubeba haki za watu watatu: aliyetunga, aliyesoma, na aliyerekodi. Kuihamisha ili isipotee ni jambo moja. Kuipandisha mtandaoni dunia nzima isikilize ni jingine, na hilo la pili linahitaji mazungumzo na mwenyewe au familia yake. Kwa mahojiano uzito unaongezeka. Mzee aliyeambiwa mwaka 1983 "hii ni ya utafiti wangu" hakukubali sauti yake iwe kwenye simu ya kila mtu, hasa kama alitaja ugonjwa wa jirani, mgogoro wa shamba, au dawa ambazo wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu huzitunza kama siri ya chama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo sasa ipo. Kanda nyingine zitahifadhiwa vizuri na zisisambazwe, na hapo hakuna ubaya wowote.

Nimesema mengi kuhusu mashine, lakini jambo linalonikosesha usingizi ni lebo ile iliyoandikwa "14/3". Mashine ya kupiga kaseti bado inaweza kupatikana, hata kwa kuagiza na kwa bei kubwa. Anayeijua sauti ya mwalimu huyu hawezi kuagizwa. Wanafunzi waliokuwa darasani wakati ule sasa ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Wakishaondoka, faili la gigabaiti moja, safi, lenye nakala tatu, litakuwa sauti ya mwanamume fulani akieleza jambo fulani mahali fulani. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, aliandika kwa kila wimbo jina la mwimbaji, lugha, ala na mahali. Rekodi zake zinatunzwa Afrika Kusini katika ILAM, maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, na zinatumika hadi leo kwa sababu ya maandishi yale.

Kwa hiyo, kama una boksi la kanda na huna mashine, kazi ya kwanza haihitaji mashine. Ipe kila kanda namba kwa penseli laini kwenye karatasi ya ganda, usibandike stika juu ya lebo ya zamani. Piga picha pande zote mbili. Fungua daftari, na kwa kila namba andika unachokijua: nani anaongea, wapi, mwaka gani au kati ya mwaka gani na gani, lugha gani, nani alirekodi, aliambiwa nini kuhusu matumizi yake, na kanda ilikufikiaje. Usilolijua liache wazi, usikisie. Kisha mpelekee daftari mtu aliyekuwepo. Kama kanda inapigika, mpigie dakika mbili za mwanzo na simu yako ikirekodi pembeni, umuulize: shikamoo mwalimu, huyu ni nani? Akikutajia jina, muulize amemtambua kwa lipi, na huyo aliyekohoa pale nyuma ni nani.